Uzi: Usiku ambao mtoto wetu alimshukuru Mungu kwa meno ya bibi yake

Mama Sebuleni (mleta uzi)

Wanajamvi, salaam kwenu nyote. Mimi ni msomaji wa siku nyingi humu, leo nimeona na mimi nilete langu. Ni refu kidogo. Mwenye haraka apite, atarudi akitulia.

Nataka tuongelee imani ya nyumbani. Siyo ile ya kwenye nyumba ya ibada, ambako sote tunajua kukaa vizuri. Naongelea ile ya saa mbili usiku, vyombo bado viko kwenye karo, mtoto mmoja analia, mwingine amenuna, na wewe mwenyewe huna hata nguvu ya kufumba macho ukasali.

Nyumbani tuko watano: mimi, mume wangu, binti wa miaka 15, mdogo wake wa kiume wa miaka 6, na mama mkwe wangu aliyehamia kwetu baada ya kuanza kusahau sahau. Mwaka jana mkataba wa kazi wa mume wangu uliisha na hakuongezewa mwingine. Alikaa nyumbani miezi 7. Sipambi maneno: nyumba ilipoa. Wala hatukuwa tunagombana, ugomvi ungekuwa nafuu. Tulipishana kwenye korido kama wapangaji.

Kila usiku bado tulikusanyika sebuleni kusali, maana ndivyo tulivyozoea. Niliongoza mimi, na sala ilikuwa ile ile: "Tunakushukuru Bwana kwa yote, utulinde usiku huu, amina." Haikufika dakika moja, kila mtu chumbani kwake. Mara nyingi nilikuwa naitamka huku kichwani napanga nguo za kufua kesho.

Sasa usiku mmoja mafua yalinikaba, sauti haitoki. Nikamwambia yule mdogo aongoze yeye. Akapiga magoti, akafumba macho kwa nguvu mpaka uso wote ukakunjamana, akaanza:

"Mungu, asante kwa meno ya bibi. Yanatoka yote kwa pamoja na yanalala kwenye glasi. Naomba na mimi ya kwangu yatoke yote siku moja, kwa sababu hili moja moja linaniuma. Na asante kwa sababu baba siku hizi haendi popote, ananifunga kamba za viatu. Amina."

Kimya. Hakuna aliyethubutu kumwangalia mwenzake. Wa kwanza kuangua kicheko alikuwa bibi mwenyewe, mdomo wazi, ufizi mtupu, maana meno yenyewe wakati ule yalikuwa tayari yamelala kwenye hiyo glasi. Binti yangu akafuata, na yeye alikuwa na wiki nzima hajatabasamu. Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha nikamwona anafuta macho, na yale hayakuwa machozi ya kicheko peke yake.

Miezi yote ile mimi nilikuwa naomba kazi. Mtoto alikuwa ameona kitu ambacho sikuwa nimekiona kabisa: kwamba baba yake anapiga goti mlangoni kila asubuhi na kumfunga viatu. Sala yangu ilikuwa na neno "yote", lakini ndani ya hilo "yote" hakukuwa na kitu hata kimoja.

Nakuja kuendelea, kuna mtu ananiita.

Mama Sebuleni

Nimerudi.

Kuanzia usiku ule tulibadilisha kitu kimoja tu. Kila mtu anataja jambo moja la siku hiyo, alilolishuhudia mwenyewe. Si "uzima", si "afya", si "pumzi". Hayo ni makubwa na ni ya kweli, lakini ulimi umeyazoea hadi moyo hauyasikii tena. Taja kitu chenyewe. Kamba ya kiatu. Mtu aliyekuwekea taa ukiwa umechelewa.

Binti yangu mwezi wa kwanza alikuwa anajibu neno moja: "Sina." Tukamwacha. Mume wangu alitaka kumsukuma, nikamkonyeza. Jioni moja mvua ilikuwa kubwa, baba yake akamfuata shuleni na mwavuli, wakarudi wameloa wote wawili. Usiku zamu yake ilipofika akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, macho yako chini: "Baba alikuja kunichukua. Na njiani hakuniuliza kitu." Hakuongeza neno. Mpaka leo sijui siku ile shuleni kulikuwa na nini. Lakini baba yake alijua ni zawadi gani amepewa, na mimi niliona jinsi alivyokaa wima kwenye kiti.

Ya mama mkwe ndiyo inayonigusa kuliko zote. Kila jioni mume wangu humpelekea glasi ya maji ya kumezea dawa. Zamu yake ikifika, mama anasema: "Namshukuru Mungu, kuna kijana mwema ameniletea maji." Huyo kijana ni mwanawe wa kumzaa. Mara ya kwanza mume wangu alitoka nje, akasimama uani peke yake. Nilimfuata, hatukusema kitu.

Lakini mama hakuishia hapo. Usiku mwingine, alipopokea glasi, akamshika mkono, akamwambia kwa upole wote: "Mama yako amekulea vizuri, mwanangu. Ukimwona, mpe salamu zangu."

Mume wangu akamjibu, "Nitazifikisha, mama."

Tulicheka, jamani. Tulicheka na mama akacheka nasi bila kujua tunacheka nini, akifurahi tu kwamba kuna furaha. Siku hizi salamu zile anazipeleka kila siku. Asubuhi anamwamsha: "Mama, nimekuletea salamu kutoka kwa bibi mmoja. Anasema umelea vizuri." Na mama anaona haya kama msichana.

Sheria yetu hapo ni moja na watoto wanaijua: tunacheka naye, hatumcheki. Mdogo aliwahi kuivuka, akamwigiza bibi mbele ya rafiki zake. Aliambiwa usiku ule ule, na alilia.

Nawasilisha. Ningependa kusikia na kwenu hali ikoje.

Kalamu ya Mkaa

Dada mleta uzi, umeandika vizuri, ila mimi nina neno. Hizi shukrani za kila usiku kwa watoto naziogopa. Nimelelewa kwenye nyumba hiyo. Ukisema umeumia, unaambiwa wenzako hawana hata ulicho nacho wewe. Ukilia, unaambiwa unamkufuru Mungu. Nilijifunza kutabasamu mapema sana, na ilinichukua miaka kujua kwamba nina hasira. Mtoto akilazimishwa kushukuru anajifunza kusema uongo mbele za Mungu. Sikushambulii, nakwambia nilichopitia.

Mama Sebuleni

Kaka, pole. Na asante kwa kusema, maana bila hili uzi wangu ungekuwa nusu ya ukweli.

Ndiyo maana "Sina" ya binti yangu ilikubaliwa. Na haikuwa yake peke yake. Kuna usiku mume wangu alikuwa amerudi kutoka kwenye usaili wa nne, wameshampa mtu mwingine. Zamu yake ikafika, akasema: "Leo sina. Nimechoka, na nimekasirika, na sitaki kusema uongo." Mimi nilishtuka kwa ajili ya watoto. Mama mkwe, ambaye jina la siku hawezi kukutajia, akainua kichwa akasema: "Sema hivyo hivyo. Mungu si mgeni humu ndani."

Nilienda baadaye kutafuta kwenye Biblia kama kuna mahali mtu amesali vile. Mbona wamejaa. Zaburi nyingi ni za malalamiko, na nyingi zinageuka mwishoni zikawa sifa. Ila ile ya 88 haigeuki. Inaanza kwa kilio na neno lake la mwisho ni giza. Hakuna shukrani ndani yake, na walioikusanya hawakuitupa wala hawakuiongezea mstari wa kuipamba. Nikasema basi, kama hiyo imekaa humo miaka yote, na "sina" ya mume wangu itapata mahali pa kukaa.

Shukrani inayotumika kumnyamazisha mtu ni kofi limevikwa glavu. Hapo niko upande wako kabisa.

Msafiri wa Alfajiri

Assalaam alaykum wanajamvi. Mimi ni Mwislamu na huu uzi umenikuta mahali pake.

Nina binti wa miaka 3. Nikisujudu tu, yuko mgongoni. Zamani nilikuwa nikimaliza swala namgombeza, namwambia anaharibu ibada yangu, mama yake anamchukua analia. Siku moja sheikh wetu akatukumbusha hadithi iliyopokewa na Nasai, mmoja wa wakusanyaji wa hadithi: Mtume (s.a.w.) alikuwa anaswalisha watu, mjukuu wake akampanda mgongoni akiwa kwenye sijda. Akairefusha ile sijda mpaka watu wakadhani kuna jambo limetokea au wahyi (ufunuo wa Mungu) unashuka. Walipomuuliza akawaeleza kwamba mtoto alikuwa amempanda, na hakupenda kumharakisha kabla hajatosheka.

Ndugu zangu, nilirudi nyumbani nikiwa mtu mwingine. Jioni ile akapanda kama kawaida yake. Nikabaki chini. Nasikia anapumua sikioni, kisha akaninong'oneza: "Baba, twende." Alidhani mimi ni gari. Nilijitahidi nisicheke, na alhamdulillahi nilimshukuru Mungu palepale paji likiwa chini, kwa uzito wa mtoto mzima aliye mgongoni kwangu. Sijda zangu nyingi sikumbuki niliomba nini. Ile naikumbuka.

Katika Kurani, Sura Ibrahim, aya ya 7, Mola ameahidi kwamba mkishukuru atawazidishia. Nilikuwa naielewa kwa upande wa riziki tu, kwamba vitu vitaongezeka. Sasa naona kuna kuzidishiwa kwingine: vile ulivyonavyo tayari vinaanza kuonekana. Watoto hawakuongezeka nyumbani kwangu. Yule yule mmoja ndiye aliyeongezeka.

Mama Sebuleni

Wa alaykum salaam, kaka. "Baba, twende" nimeisoma kwa sauti hapa, mume wangu kaja kuuliza nacheka nini.

Umenikumbusha kisa ambacho mama mkwe hukisimulia karibu kila wiki, kila mara kwa mshangao mpya. Sara mke wa Ibrahimu. Aliposikia nyuma ya mlango wa hema kwamba atazaa, akiwa kikongwe, alicheka moyoni. Akaulizwa kwa nini amecheka, akaogopa, akakana: sikucheka. Akaambiwa: la, umecheka. Mama akifika hapo anapiga paja. Halafu mtoto alipozaliwa wakamwita Isaka, jina lenye maana ya kucheka. Ibrahimu naye alikuwa amecheka kabla, sura ya 17 ya Mwanzo, akaanguka kifudifudi akicheka. Miaka 100 mume, 90 mke.

Mimi nililelewa kuamini kwamba kucheka ibadani ni utovu wa adabu. Na hapa wazazi wa imani wamecheka wote wawili, hawakufukuzwa, na kicheko chao kikafanywa jina la mtoto. Kila walipomwita aje ndani walikuwa wanalitaja.

Mpenda Takwimu

Naongezea upande wa watafiti, kwa kifupi tu. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha majaribio yao: kundi moja liliandika mambo ya kushukuru, hadi 5 kwa wiki, kwa wiki 10, jingine kero, jingine matukio ya kawaida tu. Walioandika ya shukrani walijiona wana maisha mazuri zaidi na matumaini zaidi. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba faida ipo lakini ni ya wastani, kwa hiyo mtu asiitegemee kama tiba ya sonona. Anayeumwa amwone daktari.

Lililonifurahisha zaidi ni la mtafiti mwingine, Robert Provine, aliyekwenda kusikiliza watu wakicheka katika mazungumzo ya kawaida. Aligundua kwamba vicheko vingi havifuati utani wowote, vinafuata maneno ya kawaida kabisa kama "haya, tutaonana". Na mtu akiwa na wenzake hucheka kama mara 30 zaidi ya akiwa peke yake. Kwa hiyo dada, yule bibi anayecheka bila kujua mnacheka nini yuko sawasawa kabisa. Anacheka kwa sababu mpo.

Baba Mmoja

Nimesoma uzi wote kwenye simu nikiwa nimekaa kitandani. Sikutaka kuandika, ila naandika.

Mke wangu amefariki miezi 4 iliyopita. Nina binti wa miaka 7. Usiku tunasali kwa sababu mama yake alikuwa anasali naye, sitaki aone kwamba na hilo limekufa. Lakini nikifika kwenye "tunakushukuru" koo linafunga. Nalipita. Juzi ameniuliza, "Baba, mbona siku hizi hatusemi asante?" Sikuwa na jibu. Nyie mnaocheka, nashukuru kwa ajili yenu, kweli kabisa. Mimi nianzie wapi?

Kalamu ya Mkaa

Pole sana ndugu yangu. Usianze. Mwambie ukweli tu, kwamba baba anamkumbuka mama na neno hilo linamwia zito. Mtoto ataelewa kuliko unavyofikiri. Mimi ningependa sana mtu mzima angeniambia vile nikiwa na miaka 7.

Mama Sebuleni

Baba, pole. Nimeacha simu, nikaenda, nikarudi, na bado sina maneno makubwa.

Nakubaliana na kaka hapo juu. Usijilazimishe. Kama kuna kitu kimoja ningethubutu kusema, ni hiki: acha zamu ya "asante" iwe ya binti, wewe kaa naye tu. Kwetu sisi aliyeanza ni mtoto, na sisi wakubwa tulipata mahali pa kuingilia kupitia kwake. Akitaja jambo la mama yake, usimbadilishie mada ili kumlinda. Na wewe ukibaki na "sina" mwaka mzima, ni sawa. Nitakutaja usiku huu bila jina, wanangu wote watakuombea, na bibi pia, hata kama asubuhi hatakumbuka.

Msafiri wa Alfajiri

Innaa lillahi wa innaa ilayhi raaji'un. Ndugu, na huku kwetu tumekuweka kwenye dua. Mola ampe mkeo pumziko jema, na akushike wewe na mwanao.

Mjukuu wa Pili

Samahani kurudisha mada nyuma, nina swali kwa mleta uzi. Wangu ana miaka 5 na kila siku anashukuru kwa paka. Wiki ya tatu hii, paka yule yule. Nimbadilishie?

Mama Sebuleni

Muulize tu, "Paka amefanya nini leo?" Kama ana jibu, basi si shukrani ile ile, ni paka mwenye mambo mengi. Mdogo wetu aliwahi kukaa wiki mbili kwenye ngazi. Ngazi! Kumbe kila siku alikuwa anaruka kutoka hatua ya juu zaidi ya jana, na mimi sikujua. Hiyo nayo tuliizungumza.

Na kwa waliouliza faragha kuhusu mume wangu: amepata kazi, ndogo kuliko ya mwanzo. Anatoka mapema. Kamba za viatu sasa anafunga saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtoto akiwa bado amelala: anavifunga viatu vitupu, fundo mbili legelege, anaviweka mlangoni ili mguu uingie tu.

Baba Mmoja

Wanajamvi, nimerudi baada ya siku 9. Niliahidi moyoni kwamba kama kuna kitu nitakiandika.

Nilimwambia ukweli kama mlivyonishauri. Akasema, "Basi nitasema mimi, wewe utasema amina." Ndivyo tunavyofanya. Amina naiweza.

Jana akasema: "Mungu, asante kwa chanuo la mama." Lilikuwa kwenye droo, sikuwa nimeifungua tangu msiba. Bado lina nywele zake mbili tatu. Nilimchukua nikamkalisha katikati ya magoti yangu nikaanza kumchana kwalo. Sijui kusuka, mama yake ndiye aliyekuwa anajua. Nikajaribu kugawa nywele katikati, akajishika kichwani, akapitisha kidole kwenye mstari, akasema: "Baba, njia yako imepinda. Mtu akipita hapa atapotea."

Tulicheka. Mimi na yeye, kitandani, saa tatu usiku. Ni mara ya kwanza humu ndani tangu siku ile. Kisha akasema nirudie, na akanishikia kioo.